Mara Ngapi, na Baada ya Muda Gani?

Muhula uliopita, katika somo letu la tafsiri, mhadhiri alitugawia ukurasa mmoja wa kitabu cha fizikia cha shule ya sekondari akatuambia tuurudishe kwa Kiswahili baada ya wiki moja. Wengi tulinung'unika. Tulikuja chuoni kusoma fasihi na isimu, na baadhi yetu tuliikimbia fizikia siku ileile tulipomaliza kidato cha nne. Ukurasa wenyewe ulieleza mwendo unaojirudia: bembea, uzi wa gitaa, kitu kizito kinachoning'inia kwenye kamba.

Maneno mawili yalitusumbua. La kwanza ni muda ambao kitu hutumia kwenda na kurudi mara moja. La pili ni idadi ya mara ambazo kitu hicho huenda na kurudi katika sekunde moja. La kwanza tulikubaliana kuliita kipindi, ingawa mwenzetu mmoja alilalamika kwamba kipindi ni kile tulichokuwa ndani yake wakati ule, tena kilikataa kwisha. La pili lilizua ubishi. Wengine walitaka masafa, kwa kuwa ndilo neno la redio. Wengine walisema masafa ni umbali, na mtu wa kijijini akisikia habari za masafa ya bembea atadhani bembea imesafiri. Mwishowe tukachukua marudio. Katika insha hii nitayatumia hayo mawili, kipindi na marudio.

Kabla hatujatoka, mhadhiri akatuuliza swali. Ukijua kipindi, alisema, umeshajua marudio. Na ukijua marudio, umeshajua kipindi. Kwa nini basi lugha ihitaji maneno mawili kwa jambo moja? Hakuna aliyejibu, nasi tukaenda kula. Mimi swali lile halijaniacha. Nimefikia kuamini kwamba si swali la msamiati tu bali ni la haki, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Nianze na fizikia yenyewe. Mtoto yuko kwenye bembea. Anakwenda mbele, anarudi nyuma, anafika tena pale alipoanzia. Ikiwa safari hiyo imechukua sekunde 4, kipindi chake ni sekunde 4, na katika kila sekunde amemaliza robo ya safari. Robo hiyo ndiyo marudio. Gawa moja kwa kipindi, unapata marudio. Gawa moja kwa marudio, unarudi kwenye kipindi. Umeme wa hapa Uganda huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo kipindi chake ni sekunde 0.02. Kimoja kikiongezeka kingine hupungua, na hakuna kinachopotea njiani.

Wanasayansi wenyewe wamewahi kuigeuza sentensi hiyo mbele ya dunia nzima. Tangu mwaka 1967 sekunde ilielezwa kuwa ni muda wa vipindi 9,192,631,770 vya mnururisho wa atomu ya siziamu. Kuanzia Mei 2019 maelezo yameandikwa upya, na sasa husemwa kwamba marudio ya atomu hiyo ni 9,192,631,770 kwa sekunde. Namba ni ileile, na hakuna saa iliyosogea. Sentensi iligeuzwa kama shati, ikavaliwa vilevile.

Hata hivyo, angalia jinsi wanavyochagua. Moyo tunauhesabu kwa marudio, mapigo sabini kwa dakika au zaidi, wala daktari hakwambii kwamba pigo moja limechukua chini kidogo ya sekunde. Lakini nyota yenye mkia inayoitwa kwa jina la Halley, iliyoonekana mwaka 1910 na tena mwaka 1986, na inayotarajiwa mwaka 2061, husemwa kwamba hurudi kila baada ya miaka 76 hivi. Hakuna anayesema kwamba marudio yake ni 0.013 kwa mwaka, ingawa hesabu hiyo ni sahihi. Anayeingoja anataka kujua lini. Nadhani hapo ndipo maneno mawili yanapoanza kutengana: marudio ni lugha ya anayehesabu matukio, na kipindi ni lugha ya anayeishi katikati ya tukio moja na jingine.

Kuna sharti ambalo ukurasa wetu ulilitaja kwa mstari mmoja tu: mwendo lazima uwe sawa. Usawa huo ndio uliomvutia Galileo alipoandika mwaka 1602 kuhusu vitu vinavyoning'inia, na ndio Christiaan Huygens aliougeuza kuwa saa mwaka 1656. Kamba ya mita moja, ukiisukuma kidogo au ukizidisha kidogo, huenda na kurudi kwa karibu sekunde 2, leo na kesho. Mwendo kama huo ndio unaoweza kusemwa kwa njia yoyote kati ya zile mbili. Lakini usawa ukivunjika, marudio hubaki kuwa namba nzuri ya kuandikwa, na kipindi hugeuka wastani ambao huenda hakuna siku uliyowahi kutokea.

Mfano wa kwanza nilioutambua ulikuwa kwenye bahasha ya dawa. Niliandikiwa amoksilini, kutwa mara tatu. Nilimeza saa moja asubuhi na chai, saa saba mchana na chakula, saa moja jioni na chakula tena. Mara tatu, hesabu kamili. Mfamasia aliponiuliza na nikamjibu kwa majivuno, alinihesabia kwa vidole: saa sita, saa sita, kisha saa kumi na mbili za usiku mwili ukiwa umeachwa. Alitaka saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku, yaani kila baada ya saa nane. Wastani wa ratiba yangu ulikuwa saa nane vilevile! Lakini bakteria hawajui wastani. Si kila dawa inadai hivyo, ila ile ilidai, na maneno "kutwa mara tatu" hayakuniambia.

Mfano wa pili ni wa nyumbani kwetu, na ndio ulionifanya niandike.

Baba yangu alikuwa dereva wa trela kati ya Mombasa na Kampala, barabara ya zaidi ya kilomita 1,100. Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwake, si shuleni: Kiswahili cha bandari, mizani, spea na matusi machache ambayo mama hakuyaelewa kwa kuwa yeye ni mtu wa Kisoga. Nyumba yetu iko kando ya barabara kuu, kati ya Bugiri na Iganga. Hiyo ilikuwa bahati na ilikuwa mateso. Lori lilikuwa na kifaa cha kulifuatilia, na dereva aliyesimama pasipo ruhusa alikatwa mshahara. Kwa hiyo kuna siku baba alipita tu. Alipiga honi mara tatu kuanzia kwenye kona, nasi tukakimbia kupunga mikono mpaka trela lote likaisha.

Baba alikuwa na daftari la safari. Mwisho wa mwaka mmoja, nikiwa darasa la sita, waligombana na mama, na baba akalifungua daftari mezani. Akasema, "Mwaka huu nimefika hapa mara kumi na mbili. Mara moja kila mwezi." Mama akamwuliza, "Mwezi gani?"

Baba hakuwa akidanganya. Nilizisoma tarehe mimi mwenyewe kwa sauti, kwa sababu mama aliniamuru. Mwezi wa pili alikuja mara tatu. Mwezi wa tano na wa sita hakuja kabisa. Tarehe mbili kati ya zile kumi na mbili zilikuwa za honi. Mama hakuwa na daftari lake, lakini mwenye duka alikuwa nalo, na ndani yake ilikuwapo hesabu nyingine: sabuni, chumvi, mafuta ya taa, sukari ya robo. Deni halikuhesabu mara, lilihesabu siku. Siku kumi baba asipokuwapo, mwenye duka alimwita mama dada. Siku ya arobaini alikuwa akimjibu bila kuinua macho. Mwanzo wa muhula nao ulikuwa na kipindi chake kisichomngoja mtu, nami nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo siku tisa kabla baba hajafika na pesa mkononi. Karo ililipwa yote. Kwenye daftari la shule sidaiwi kitu hadi leo. Lakini jaribio la hesabu lililofanywa katika siku zile tisa sikulifanya.

Nilipokuwa natafsiri ule ukurasa nilijaribu kuiweka habari hii katika namba, na matokeo yalinishangaza. Tuseme baba anakuja baada ya siku 10, kisha baada ya siku 50, kisha 10, kisha 50. Kwake yeye anayehesabu safari, wastani ni siku 30, na husema kwa haki kwamba huja kila mwezi. Sasa chukua siku yoyote ya maisha ya mama, umwulize, "Pengo ulilo ndani yake leo ni la siku ngapi?" Katika kila siku 60, siku 50 zimo ndani ya pengo refu na siku 10 tu zimo ndani ya lile fupi. Ukipiga wastani wa majibu yake ya siku zote hizo, utapata zaidi ya siku 43. Mume mmoja, safari zilezile. Aliye barabarani anapata 30, aliye nyumbani anapata 43, na wote wawili wamehesabu vizuri. Natamani ningeijua hesabu hii siku ile mezani. Labda isingesaidia kitu, maana waliogombana hawakuwa wakigombania hesabu. Lakini ningejua kwamba mama hakuwa akilalamika kupita kiasi.

Nilipoieleza darasani, mwenzetu mmoja Mwislamu alisema jambo hili kwao si geni. Mtu akimwambia ameswali mara tano leo, yeye atamwuliza aliswali lini, kwa kuwa kila swala ina wakati wake. Anayezirundika zote tano usiku ametimiza idadi, ila hakuna atakayesema ameswali kama inavyotakiwa. Hata msafiri anaporuhusiwa kuunganisha baadhi ya swala, kuna utaratibu wake. Nilipenda mfano huo kwa sababu ulimkumbuka msafiri.

Mwingine alipinga, na pingamizi lake lina uzito. Alisema watu si saa za ukutani. Mgeni anayekuja kila tarehe 15 kama mkusanya kodi huleta wajibu, haleti upendo. Afadhali anayekuja kwa nadra lakini kwa moyo wake wote. Lazima nikiri kwamba furaha kubwa kuliko zote nyumbani kwetu ilikuwa usiku mmoja wa mvua ambapo hatukumtarajia baba hata kidogo, tukasikia honi ikinyamaza badala ya kupita. Kuku alichinjwa saa tano usiku. Lakini hata nikikiri hivyo, nakumbuka kwamba furaha ile ililipiwa na siku arobaini na kitu zilizoitangulia, na aliyelipa hakuwa yeye aliyeshangiliwa.

Je, basi, aliyetimiza idadi akavunja nafasi ametimiza ahadi? Kwa muda nilitaka kujibu hapana na kuiweka kalamu chini. Kinachonizuia ni Malaba. Baba hakuchagua kuchelewa. Foleni ya mpakani, mzigo ambao haujatoka bandarini, mizani iliyoharibika, bosi aliyempigia simu akiwa Jinja akimtaka ageuze kurudi: hayo ndiyo yaliyoamua. Kuna jambo katika fizikia linalonisaidia kumwelewa. Bembea ukiiacha peke yake ina kipindi chake yenyewe, kutokana na urefu wa kamba. Lakini kitu kikisukumwa tena na tena na nguvu ya nje, baada ya muda hufuata marudio ya anayekisukuma, hata kama chenyewe kingependa mwendo mwingine. Baba alikuwa akisukumwa. Karani mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi ana kipindi, na watoto wake wanakijua. Kibarua, dereva, mvuvi, mama anayeuza ndizi sokoni, hawa wana marudio tu. Mwisho wa mwaka wanaweza kukwambia mara ngapi, ila mwanzoni hawawezi kukwambia lini. Kuwa na kipindi ni aina ya mali, na wengi wetu tulioketi kwenye madawati ya chuo tuko njiani kuipata bila kuiona kuwa ni mali.

Kwa hiyo simlaumu baba kwa kuchelewa. Ninalomlaumu ni dogo zaidi, nalo ni lile daftari. Alilifungua ili namba kumi na mbili ijibu swali ambalo haikuulizwa. Nadhani makosa mengi ya namna hii hufanyika hivyo, bila uongo wowote. Mchungaji husema ametembelea wagonjwa mara ishirini. Kiongozi husema maji yametoka siku mia moja mwaka huu. Namba ni za kweli, na huwa upande wa anayezisema, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwapo kila tukio lilipotokea. Yule mwingine alikuwapo wakati ambapo halikutokea.

Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ya malori pale Malaba ilirefuka kwa makumi ya kilomita madereva wakingoja majibu ya vipimo. Baba hakufika nyumbani kwa wiki kumi na moja. Lilikuwa pengo refu kuliko yote, nami nilitegemea vita. Haikuwa hivyo. Kila alipopata mtandao alimpigia mama na kumwambia, "Sijui lini. Wiki hii usinihesabu." Mama alikwenda kwa mwenye duka akamweleza hivyohivyo. Akauza mbuzi mmoja mapema, bei ikiwa bado nzuri, akapanda maharage nyuma ya nyumba mahali ambapo hatukuwahi kupanda kitu. Miaka michache baadaye nilimwuliza kwa nini wiki zile hazikumkasirisha kama zile siku hamsini za zamani. Alijibu kwamba zile za zamani kila jioni alipika kwa ajili ya mtu mmoja zaidi.

Mimi nilijiona mwenye busara baada ya kufikiri yote haya, mpaka nilipoifungua simu yangu. Nilipoondoka kuja chuoni nilimwahidi mama kwamba nitampigia mara kwa mara. Ni maneno mazuri ya Kiswahili, na sasa naona ujanja wake: yana mara mbili ndani yake na hayana siku hata moja. Katika wiki kumi na tatu za muhula nilimpigia mara tisa. Si haba, nilijiambia. Kisha nikatazama tarehe. Tano zilikuwa katika wiki mbili za kwanza, nilipohitaji pesa za usajili. Tatu zilikuwa wiki ya mwisho, nilipohitaji nauli. Moja ilikuwa katikati, nayo ilidumu dakika mbili. Mama hana umeme nyumbani; simu anaipeleka kuchajiwa senta kwa shilingi 500, na nikikaa kimya anaipeleka vilevile, kwa sababu hajui.

Nilimpigia jioni ileile. Nikamwambia kuanzia sasa nitapiga Jumapili saa mbili usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kila Jumapili, au Jumapili hii?" Nilitaka kusema kila Jumapili. Nikakumbuka kazi za vikundi na mitihani, nikamwambia, "Hii inayokuja nitapiga, mama. Mbili zinazofuata sitaweza, nina mitihani. Ile ya nne nitapiga."

Akasema ni sawa, basi hizo mbili za katikati hataichaji.